Masizi ya Kayenze

Mama, uliuliza kwa simu nafanya kazi gani
huku Malimbe, katika chumba kisicho na dirisha.
Nikasema "ya umeme," ukacheka:
mbona hata wewe luku inakuishia usiku kama sisi?
Basi ngoja nikueleze taratibu.

Unakumbuka vioo vya karabai pale Kayenze,
asubuhi, mitumbwi ya dagaa ikisharudi,
wewe na tambara na majivu ukisugua weusi,
na mikono haitakati mpaka Jumapili?
Weusi ule ndio mtaji wangu.
Si ule ule hasa. Huu ulikuja kwa ndege,
katika chupa ndogo kuliko ya wanja,
lakini ukoo ni mmoja: kaboni,
masizi, mkaa, moyo wa penseli.

Tofauti ni kukunjwa.
Bi Nyamizi wa karanga, pale Igombe,
alikuwa akichana daftari la mjukuu wake,
anazungusha ukurasa, karanga zinaingia.
Mara mistari inasimama wima,
mara inazunguka mshazari kama ngazi ya mnara.
Karanga hazijali. Umeme unajali.
Karatasi yangu ina unene wa atomu moja;
ikishakunjwa, makumi elfu ya mirija yake
yangelala ubavu kwa ubavu
ndani ya upana wa unywele wako mmoja wa mvi.
Mshazari ndio unaoamua:
mrija huu unapitisha umeme tu, kama waya wa shaba,
na huu unangoja.
Unaongoja ndio naupenda.

Jana umeme ulikatika. Mihayo akasema turudi nyumbani.
Mimi nikatoka na kipande changu cha kioo,
nikakilaza juu ya jiwe, ziwa likimeremeta kwa chini,
pamoja na mita ya betri.
Mwanga ukagonga.
Chembe yake ikamezwa na mrija, na pale ilipozama
elektroni moja ikaruka, ikaacha tundu.
Usidhani imekwenda mbali.
Iliyoruka na tundu lake vinashikana,
vinatangatanga pamoja kama mapacha chini ya kanga moja,
na vikiachwa hivyo vitarudiana,
mwanga utapotea bure, joto tu,
mita itasema sifuri.
Jozi haina chaji, Mama. Jozi inajitosheleza.

Ili pawe na mkondo, mapacha watenganishwe.
Ndiyo kazi yangu: napaka utando wa pili
unaoivuta elektroni kuliko mrija unavyoishika,
na kando nimechora vidole viwili vya dhahabu.

Nimeandika dhahabu, mkono ukasita.
Ulituzaa wawili. Aliyetangulia ukamwita Kulwa,
na mimi nyuma yake, Doto.
Kulwa alivuka Busisi na sururu begani,
akasema Geita ni miezi mitatu.
Huu mwaka wa kumi na moja. Hatuulizani.
Sahani yake unaiosha pamoja na nyingine.

Sasa sikiliza.
Tundu halikai. Elektroni ya jirani inaliziba,
kwa jirani panabaki wazi,
jirani wa jirani anaziba pale,
na pengo linatembea, hatua kwa hatua, upande wa pili,
limebeba chaji yake, chanya, nzima,
sawasawa na ya yule aliyeondoka.
Mkondo ukihesabiwa, wote wawili wamo.

Mita ilipanda: nanoampia arobaini.
Nikaweka kiganja, ikashuka. Nikaondoa, ikapanda.
Haiwashi hata taa moja ya dagaa.
Mihayo alicheka, akanipiga picha
nimepiga magoti juani,
nakifunika kioo, nakifunua,
kama ninayecheza kujificha na mtoto mchanga.

Picha nakutumia. Ikuze.
Ule weusi pale katikati,
usiusugue.